Sifa za Gegham

Haykanush aliuzungusha polepole ufunguo wa chumba alimolala mjukuu wake, akautia mfukoni. Ndipo akaenda kumfungulia mwenye sare.

Alikuwa amemwona dirishani: shati la buluu, beji begani, buti zimepigwa rangi.

Wiki ile mjukuu huyo, Gegham, alikuwa ameletewa barua ya serikali. Kila kijana wa kiume aliyehamia Marekani sharti ajiandikishe, jeshi limjue.

"Ni jina tu, Bibi," alimwambia huku akicheka. "Nimeshajaza kwenye simu. Hakuna anayechukuliwa."

Haykanush hakucheka. Mdogo wake, Serob, naye aliambiwa ni jina tu, kule Yerevan, enzi za Wasovieti. Alirudi kutoka Afghanistan ndani ya sanduku la bati lililochomelewa, na mama yao hakuruhusiwa hata kumtazama uso. Safari hii hamumpati mtu, Haykanush alijiapiza, akafungua mlango.

"Shikamoo, mama," mgeni alisalimu kwa Kiarmenia safi. "Uniwie radhi, nimetoka kazini moja kwa moja, sikubadili nguo. Nimekuja kwa habari ya Gegham. Ni jambo la heri."

Heri! Hata wale wa Yerevan walisema hivyo hivyo. Lakini huyu alikuwa wa nyumbani, na ofisa wa nyumbani huzungumzika. Haykanush alimketisha mezani, akamwekea kahawa, akamkatia mkate mtamu wa gata, akammiminia konyaki. Zamani chupa moja ya konyaki ilitosha kumpa kijana mzima cheti cha ulemavu, asiende jeshini.

Mgeni alitazama dari, akatazama kuta. "Nyumba nzuri. Ina vyumba vingapi?"

Anatafuta maficho, Haykanush aliwaza. "Viwili tu, mwanangu. Kabati halifunguki."

"Na kijana mwenyewe, afya yake?"

Hapo ndipo alipokuwa akipangojea. Alishusha pumzi ndefu. "Nikufiche nini, mwanangu? Jicho la kushoto halioni. La kulia linaona, ila linaona yasiyokuwepo."

"Lakini si anaendesha gari?"

"Ndiyo maana nasali sana."

Mgeni alikiweka kikombe chini. "Ana hasira?"

Jeshi hupenda wenye hasira, hilo alilijua. "Hasira atoe wapi? Mwoga huyo! Upepo ukibamiza mlango, analia. Na kitanda bado anakilowesha, umri wote huo."

Mara chumbani kukasikika kishindo. Gegham alikuwa ameamka, anautikisa mlango kwa nguvu zote. "Bibi! Nani kanifungia? Fungua!"

Haykanush alimshukuru Mungu kimoyomoyo. "Wazimu umempanda," alinong'ona. "Saa hizi hakaribiwi."

"Ina maana mnamfungia?"

"Tufanyeje? Na babu yake alikuwa hivi hivi."

Babu mtu alikuwa mwalimu wa mieleka, mzima kama chuma mpaka siku anakufa. Haykanush alimwomba msamaha huko aliko.

"Kumbe ni ya kurithi?" mgeni aliuliza.

Ofisa makini huyu, Haykanush aliwaza, anaulizia hadi ukoo. "Haijamruka hata mmoja."

Mgeni aliinua konyaki, akainywa yote kwa mkupuo, akasimama. Hakuomba kumwona Gegham wala hakutoa karatasi ya kutia sahihi. Haykanush alimsindikiza mlangoni akijizuia kupiga vigelegele. Serob hakupata wa kumsemea, lakini huyu amepona.

Kizingitini mgeni aliushika mkono wake kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga.

"Mungu akuzidishie umri, mama. Umemwokoa binti yangu. Mabibi wengine wangeyaficha haya yote mpaka baada ya harusi."