Fidla ya Mstari wa Nyuma

"Wewe, Wanjala! Hiyo ni fidla, si panga la kukatia miwa!"

Lynette, kiongozi wa okestra, alikipiga kibao cha karatasi za muziki kwa fimbo yake. Ukumbi ukanyamaza. Hata askari wawili, ambao ndio kwanza walikuwa wameupiga teke mlango, walisita kizingitini.

"Mnafanyanga nini hapa?" mkubwa wao aliuliza.

"Mazoezi, afande. Kila Jumatano." Lynette hakumtazama. "Tulifanya wakati wa kafyu. Tulifanya nyuzi zilipokosekana, tukafunga waya wa breki za baiskeli. Hata leo mnapoujaza mtaa wa Shieywe moshi wa machozi, tunafanya. Kinachotushinda ni huyu."

Alimwelekezea fimbo mwanamume mpana aliyeketi mstari wa nyuma. Jasho lilimtiririka, na koti la okestra lilimbana mabegani.

"Tunamtafuta mkata miwa," askari alisema. "Yule aliyekuwa na kipaza sauti kwenye maandamano. Amekimbilia upande huu."

"Mtafuteni, lakini msinipotezee muda." Alimgeukia tena yule mwanamume. "Miaka mitatu, Wanjala! Miaka mitatu nakufundisha kushika uta!"

Selpher, mpiga filimbi, aliangua kilio.

"Huyu naye analia nini?" askari aliuliza.

"Moshi wenu, afande," Lynette alijibu. "Mlidhani unachagua macho?"

Askari alipita kati ya viti, akasimama mbele ya mpiga fidla. "Wewe. Hebu piga tusikie."



"Apige?" Lynette alicheka kwa uchungu. "Nimemkataza kuigusa mpaka ajue kukaa! Lakini sawa. Piga, Wanjala. Mwonyeshe afande aibu yangu!"

Mwanamume aliuburuta uta juu ya nyuzi. Fidla ikatoa mlio wa mbuzi aliyekanyagwa.

"Umesikia?" Lynette alifoka. Hasira yake ilikuwa ya kweli. Aliitupa fimbo sakafuni. "Watu wanakuja hapa na njaa ili muziki usife katika mji huu, halafu wewe unauua mbele ya macho yangu! Ukitaka kumchukua, afande, mchukue. Utaniondolea mzigo!"

Askari alikunja uso. Kisha akacheka mpaka akashika kiuno.

"Pole, ndugu yangu Wanjala," alisema. "Afadhali ungekamatwa na sisi."

Walitoka wakicheka. Lynette alizisikiliza buti zao zikipita langoni, zikavuka barabara, zikapotea kuelekea sokoni. Alikwenda mstari wa nyuma, akajishusha kwenye kiti kando ya yule mwanamume.

"Nisamehe, kaka," alinong'ona. "Unaitwa nani?"

"Wandera." Aliilaza fidla magotini, asijue pa kuiweka. "Na hiki kiti mlichonikalisha, mwenyewe yuko wapi?"

Selpher ndiye aliyejibu.

"Wanjala alikuwa mume wangu. Naye walimkimbiza hivyo hivyo. Tulimzika Jumamosi."