Adeer Asiyejua Mababu

Mama mwenzangu, mtu akikupigia simu akijua kila kitu cha mtoto wako, usimwamini.

"Mimi ni adeer wa Samsam," alisema mwanamume kwenye simu, "ndugu wa marehemu baba yake. Leo nitamchukua duksi mimi."

Nilikuwa nakoroga unga wa mikate ya anjera. Sauti siijui, lakini alijua duksi yetu ya Iftin, chuo ambako mwanangu husoma Kurani, hata kovu lake la moto gotini. Kovu hilo nilimwonyesha tu dada wa shirika la mayatima aliyemwandikisha.

"Basi nihesabie mababu zake, adeer."

Akamtaja baba, akamtaja babu, akakata simu. Kwetu ndugu wa damu huwajua mababu wote kwa majina; Samsam mwenyewe huwataja wote bila kupumua.

Nikampigia dada wa shirika.

"Pole, mama. Tovuti yetu imezeeka, programu zake hatujabadilisha miaka mingi. Wezi wameingia, wamechukua habari za watoto wote."

"Wameingia wapi? Mliacha mlango wazi?"

"Si mlango, mama. Ni kwenye mtandao."

Sikuelewa. Unga ulikuwa umenikauka vidoleni. Simu ikalia tena. Alikuwa maalim wa duksi.

"Mama Samsam, adeer amefika. Anajua hata kovu la gotini, na Samsam amekubali analo, mashallah. Sasa anamvalisha viatu."