Jibu Moja kila Jumamosi

"Sitini na tisa," alisema Sixten, na kuku aliyekuwa amelala ndani ya kigari akafumbua jicho moja.

Gunborg alicheka mpaka akashika mbavu.

"Sitini na tisa! Jamani, Sixten, hicho kigari kilifungwa upande gani wa pikipiki?"

"Kushoto."

"Na sisi Waswidi tulihamia kuendesha kulia mwaka gani?"

"Sitini na saba," alijibu Sixten, akikuna kidevu chake kilichonyolewa vizuri.

"Hata kuku wangu anajua kigari hukaa upande wa ukingo wa barabara. Umekosea. Njoo unywe kahawa."

Hiyo ilikuwa Jumamosi ya sita. Kigari hicho cha pembeni kilikuwa kimeibuka bandani kwa Gunborg, chini ya rundo la nyasi kavu, hakina kibao wala jina la kiwanda. Sixten, fundi mstaafu na mjane, alikuwa na pikipiki iliyokosa mwenzake kwa miaka thelathini. Alikiona, akakitaka kwa roho yake yote.

Gunborg hakutaka kukiuza. Alitoa sharti. Risiti ya baba mkwe wake, aliyekinunua kikiwa kipya, ilikuwa ndani ya kopo la biskuti. Sixten akiutaja mwaka ulioandikwa humo, akichukue bure. Jibu ni moja tu kila Jumamosi.

Klabu ya pikipiki za kale pale mjini Vetlanda ilimsimanga vibaya. Huyu si ndiye aliyewahi kutambua mwaka wa pikipiki kwa kupapasa skrubu, macho yamefungwa?

"Umepatwa na nini, mzee?" aliuliza Rune, mwenyekiti. "Maonyesho ni mwezi ujao. Au tukutafutie miwani?"

"Kigari kigumu hicho," alisema Sixten kwa huzuni.

Jumamosi ya saba ilinyesha mvua. Gunborg alikuwa ameoka biskuti za aina saba, na mgeni mwenye adabu huonja zote. Sixten alipofika kwenye ya tano, Gunborg alikuwa akisimulia siku za uchumba wake, marehemu mumewe Evert alipomsahau kwenye kituo cha mafuta.

"Akaendesha kilomita ishirini, anapiga soga na kiti kitupu cha kigari! Alifika nyumbani ndipo akashangaa mbona simjibu."

Sixten alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Usimlaumu Evert," alisema akijifuta macho. "Viti vya thelathini na nane vilikuwa chini mno, abiria haonek..."

Biskuti ilimponyoka ikaangukia kahawani.

"Thelathini na nane," alisema Gunborg taratibu. "Hilo ndilo jibu lako la leo?"

"Hapana! Nilikuwa naongea tu. Hata gurudumu sijalikagua."

"Jibu ni jibu, bwana wee."

Uso wa Sixten ulipauka. Alikitazama kigari kule bandani kupitia dirishani, kisha akayatazama mapazia ya jikoni, kana kwamba vyote viwili anaviona kwa mara ya mwisho. Gunborg alilifungua kopo, akavaa miwani, akaisoma risiti kwa muda mrefu sana. Mvua ilisikika juu ya bati la banda.

"Umekosea," alisema hatimaye. "Rudi Jumamosi."

Sixten alishusha pumzi ndefu. Akaomba biskuti ya sita, halafu ya saba, akaaga.

Mlango ulipofungwa, Gunborg aliikunja tena ile risiti ya mwaka 1938, akaizika chini kabisa ya biskuti. Nje, ndani ya gari lake, Sixten alifungua daftari, akaupita ukurasa wa Jumamosi ya kwanza alipoandika "1938, bila shaka", akafika kwenye orodha ya miaka ya kukosea, iliyokuwa imepangwa mpaka Krismasi, akairefusha hadi Pasaka.