Pascalia Anataka Jina

Pikipiki ilikuwa imeshapita soko la Khayega, inaelekea Kakamega mjini, na mama yake Muhonja alikuwa bado anabishana na mgongo wa bintiye.

"Mlango haufungwi mtu akiwa amesimama kizingitini," alisema. "Dada yako anakujanga kwa nini? Anataka jina."

"Mama, wacha nifike kwanza."

"Kukhu, shika vizuri," dereva akamwambia yule bibi. "Mbele kuna matuta. Mkigombana mtatuangusha wote."

Muhonja alikuwa na mimba ya tatu, ya mvulana, na wale wawili wa kwanza ni wavulana vilevile. Wote walizaliwa kwa upasuaji. Safari hii alishakubaliana na mumewe Wangila kwamba tumbo likifunguliwa, daktari amfunge kizazi, basi.

Lakini tangu mimba hiyo iingie, kulikuwa na mwanamke anayemjia ndotoni. Hata mchana, akisinzia kidogo tu, alimwona amesimama kwenye mlango wa jikoni. Shingo nyembamba, nywele zimeisha kichwani, tumbo limejaa mbele yake. Gauni lake lilikuwa la kijani lenye vifungo vyeupe, ila cha juu peke yake chekundu, kimeshonwa kwa uzi mweusi. Hasemi. Anashika tumbo lake, anaelekeza kidole kwenye tumbo la Muhonja, anatikisa kichwa.

Kwa watu wa huko ndoto kama hiyo haina fumbo. Marehemu akisumbua, anadai mtoto wa kuitwa jina lake, akipewa, anatulia. Na marehemu alijulikana. Ni Pascalia, dada mkubwa, aliyekufa na kansa ya ovari, tumbo limevimba hivyohivyo, nywele zimeng'oka kwa dawa. Yeye na Muhonja walifanana hata mama yao alikuwa akiwachanganya.

"Lakini Pascalia hakuwa na gauni la kijani," Muhonja aliwahi kusema.

"Huko waliko unadhani hawabadilishi nguo?" mama akamjibu.

Hospitalini, Daktari Osundwa, mtu wa kuchekacheka na wagonjwa, alivuta kiti akakaa. Aliuliza kama Muhonja ana hakika hataki mtoto mwingine. Halafu akauliza jambo ambalo halikutarajiwa: kwao nani amekufa na ugonjwa wa tumbo?

"Dada yangu, ovari. Na shangazi, dada ya baba, hiyohiyo."

Daktari akaacha kucheka.

"Basi nisikilize, mama. Badala ya kuifunga mirija ya uzazi, naweza kuitoa yote miwili. Siku hizi tunajua kansa ya namna hiyo mara nyingi huanzia kwenye mirija, ndipo iende kwenye ovari. Nikishafungua tumbo kumtoa mtoto, kuitoa ni kazi ndogo. Ovari zenyewe nitaziacha. Wewe bado mdogo, mwili unazihitaji. Tutapima damu tujue ukoo wenu umebeba nini, ndipo tuamue habari ya hizo ovari."

"Na ukiitoa, hiyo kansa hainipati?"

"Sitakudanganya. Hatari inapungua sana, haiishi. Na nikikuta makovu ya zamani yameshikana vibaya, nitaiacha. Lakini jua, mirija ikitoka imetoka. Kama moyoni kumebaki mtoto mmoja, sema sasa. Hilo siwezi kukuamulia."

Muhonja alifungua kinywa aseme itoe. Mama yake akamshika mkono.

"Daktari, huyu ana mtu nyumbani anadai jina. Na aliye tumboni ni kijana. Kijana ataitwaje Pascalia?"

"Mama, mimi namuuliza mwenye tumbo."

Muhonja akafumba macho. Na huyu hapa, gauni la kijani, anatikisa kichwa kwa nguvu kuliko siku zote, mishipa ya shingo imesimama.

"Anakataa," akanong'ona. "Mama, anakataa kabisa."

"Si nilikwambia?"

"Iache," Muhonja akamwambia daktari. "Usiifunge, usiitoe."

Gizani mwa macho yake, yule mwanamke akakaa chini kizingitini, akafunika uso.

Mvulana alizaliwa salama, akaitwa Mathew. Baada ya miaka miwili akaja msichana, akaitwa Pascalia, jogoo akachinjwa. Aliyempasua Muhonja safari hiyo alikuwa daktari mwingine. Hakuuliza kwao nani amekufa, na Muhonja, aliyekuwa na furaha, hakusema. Tangu siku ya jina yule mwanamke hakutokea tena.

"Ameridhika," mama akasema.

Daktari Osundwa alihamishwa, na huko aliko bado anawauliza wagonjwa habari za dada na shangazi zao. Wangila anachimba dhahabu Malinya, hajaoa tena. Wavulana wako shule. Pascalia mdogo analelewa na bibi yake, na watu wanasema sura ni ileile. Muhonja alizikwa wakati wa kuvuna mahindi, na nguo aliyozikwa nayo ndiyo aliyovaa miezi yake ya mwisho. Nyingine zote tumbo, lililovimba kama la dada yake, lilikuwa limezikataa, mpaka Wangila akamtafutia gauni pana la mtumba pale Khayega, la kijani. Lilikuja bila kifungo cha juu. Mama yake, ambaye macho hayamsaidii sana siku hizi, alipapasa ndani ya mkebe wake akapata kimoja, chekundu, akakishona kwa uzi uliokuwa tayari kwenye sindano. Uzi wenyewe ulikuwa mweusi.