Vidonge Kwenye Gunia la Mchele

Asubuhi hiyo Rihab alikuwa anaficha dawa za mama yake ndani ya gunia la mchele.

"Hata leo nisimeze?" Nawal akauliza. Tangu kiharusi kimpige kwenye shina la ubongo, nusu ya uso wake ilikuwa inawaka kama imepakwa pilipili. Vidonge ndivyo vilivyokuwa vinautuliza huo moto.

"Leo ndio usimeze kabisa, mama. Wanakuja kuniposa. Mji mzima wa Irbid unajua hizo ni dawa za kifafa."

"Lakini mimi sina kifafa."

"Utamweleza nani akuelewe?"

Jirani aliliona boksi la dawa Ijumaa, akatoa macho. Toka siku hiyo Nawal hajameza kitu. Daktari alishawaonya dawa zisiachwe ghafla, lakini Rihab aliona madaktari wana maneno mengi.

Alasiri wageni wakafika. Gari aliendesha Mama Luay. Mwanawe Luay, bwana harusi mtarajiwa, mtu mzima na ndevu zake, alikaa pembeni. Mama Luay akambusu Nawal shavu lile lile linalowaka, mara tatu. Nawal akatabasamu, jicho moja linatoa machozi.

"Furaha hiyo," akasema Rihab haraka.

Kahawa ikamiminwa. Mama Luay akaiweka mezani bila kuigusa. Kwa desturi, mposaji hanywi mpaka akubaliwe.

"Mwenzangu, tunaomba binti. Ila niambie ukweli, kwenu hamna ugonjwa wa kurithi?"

"Ubishi tu," akajibu Nawal. "Huo tunao wa kutosha."

Wakacheka wote, hata Luay.

"Basi Mama Luay, kunywa ka..."

Nawal hakumaliza. Macho yakageuka, akaanguka kwenye zulia, mwili mzima unatetemeka, povu mdomoni.

Rihab akapiga kelele. Mama Luay wala hakushtuka. Akamlaza Nawal ubavu, akamwekea mkoba chini ya kichwa, akamlegeza mtandio, akasubiri kama mtu anayechemsha maziwa.

Mtetemo ulipoisha, akasimama, akamwita mwanawe.

"Mama Luay, ngoja, nakuomba! Hicho si kifafa!"

"Binti yangu, usinifundishe. Luay namlaza hivi hivi tangu ana miaka sita. Wajukuu zangu nilikuwa nawatafutia damu safi."

Kahawa ikabaki mezani, imejaa.

Kwenye teksi ya kwenda hospitali, kichwa cha mama kikiwa mapajani, Rihab akamwandikia Luay: "Mama hana kifafa. Mimi ndiye niliyemkatisha dawa, ili mnikubali."

Tiki mbili zikageuka buluu. Zikabaki hivyo.