Pini Iliyokatika

Hitima ya arobaini ilikwisha, ukoo ukabaki mkekani kusikiliza wasia ambao marehemu Shomari aliurekodi kwenye laptopu yake. Midomo yake ilicheza kiooni, lakini sauti haikutoka. Fundi wa kompyuta akaitwa; Mwanakombo, mjane wa marehemu, alimkazia macho alipochungulia tundu la hedifoni.

"Pini imekatikia humu," fundi alisema. "Mashine inadhani kuna mtu kavaa hedifoni, sauti yote inampelekea yeye."



"Itoe, mwanangu," shemeji yake Mwanakombo alimwambia fundi, "tumsikie ndugu yetu."

Kibano kikaingia tunduni. Mwanakombo akalifumbata fundo la kanga alimoficha kipande cha pili cha pini ile. Laptopu ikakwaruza, kisha marehemu akakohoa, kama alivyozoea kabla ya kutamka jambo zito.