Busu la Ijumaa Kuu

"Usipotuonyesha, utapanda wewe," askari alimwambia Anselmi nyuma ya kanisa, akielekeza kidevu kwenye lori lililoegeshwa barabarani.

Walikuwa wawili, wametoka wilayani, wamevaa kiraia. Sukari ya kijiji ilikuwa ikiyeyuka gunia baada ya gunia, na mwaka ule wa themanini na tatu, wa msako wa wahujumu uchumi, sukari haikuwa jambo la mzaha. Walimtaka Silvanus, muuza duka, ambaye minong'ono ya kijiji ilimtaja.

Tabu ni kwamba Silvanus alikuwa miongoni mwa waigizaji. Wote wamevaa kanzu walizoazima kwa Mzee Mwinyijuma na nduguze, wote wana ndevu za katani hadi kifuani. Hata mama mzazi angechanganyikiwa. Na kijiji kizima cha huko Marui, Wakristo kwa Waislamu, kilikuwa kimejaa uwanjani kutazama igizo la mateso.

"Tukiulizia jina lake atakimbilia msituni," askari alisema. "Wewe unaigiza nani?"

"Yuda."

Wakatazamana, wakacheka. "Basi kazi yako unaijua. Utakayembusu, huyo ndiye."

Na Yesu, mwaka ule, alikuwa Silvanus.

Anselmi akaegemea ukuta, akawa anatazama sisimizi wakiingia kwenye ufa wa kanisa. Miaka nenda miaka rudi alikuwa Yuda, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali. Jina likamganda. Hata kumsimamia mtoto ubatizo hakuna aliyemwomba. Jana tu alikwenda kwa katekista Leodegar kumsihi ampe nafasi nyingine, hata ya jogoo wa Petro.

Alimkuta Leodegar akibishana na Stellamaris, msafishaji wa kanisa. Mama huyo alitaka kuivua altare vitambaa, kama ilivyo desturi ya siku zile. Katekista alisema mwaka huu vibaki. Nani angembishia sana? Ndiye aliyekabidhiwa funguo za kanisa, na za ghala la kijiji pia, kwa kuwa hakuna aliyeaminika kama yeye. Stellamaris akaondoka akinung'unika: "Altare ya Ijumaa Kuu na nguo zake! Makubwa haya!"

"Lakini Yuda angefanyaje, Mwalimu?" Anselmi aliuliza. "Si ilikwishaandikwa?"

"Mungu kujua si kusukuma, mwanangu. Mlango ulikuwa wazi. Alichagua mwenyewe, akahukumiwa."

Mkuki kwa nguruwe! Sasa mlango uko wapi? Silvanus asingeiba hata punje. Anselmi alimjua tangu utoto. Akimbusu, atakuwa Yuda wa kweli mpaka siku ya kiama. Asipombusu, jela, na mkewe yu mjamzito. Roho ilimuuma mpaka akatamani kulia.

Wimbo ukaanza. Mitume walikuwa wamepiga magoti katika bustani ya migomba iliyochomekwa ardhini, Silvanus mbele yao akisali. Askari wakasogea. Anselmi akatembea taratibu, akiomba kila hatua, na alipomfikia Petro, moyo ukamfunguka.

Petro alikuwa Leodegar. Akimbusu yeye, wale watamkamata, ndevu zitavuliwa, uwanja mzima utaangua kicheko, na Silvanus atapata nafasi ya kutoweka. Yeye Anselmi atajitetea kwamba katani zilimchanganya. Nani atamshuku katekista? Hakuna atakayeumia. Kwa mara ya kwanza, Yuda atachagua.

Akampita Silvanus, akamnong'oneza, "Kimbia." Akageuka, akainama, akambusu Petro.

Watu wakaguna. "Siye huyo!" alipaza sauti Mzee Mwinyijuma, aliyelijua igizo lile kuliko hata Wakristo.

Askari walikwishamdaka Petro mabega yote mawili. "Sukari iko wapi?" mmoja akauliza. Anselmi alijibana kicheko, akingoja ndevu zivuliwe.

Katekista hakuzivua.

"Mwacheni Silvanus, hajui lolote," alisema. "Magunia yako chini ya altare." Kisha akamwinulia Anselmi macho. "Nani amekuonyesha?"